Nani atalala katikati ya mizabibu yetu?

Leo ni historia, tena ndefu kidogo, kwa hiyo tafuta karanga ukae vizuri. Bumu likiwa limeisha, soma tu, maji ya bomba yapo.

Kuna picha ya hoteli moja ya Hispania imezunguka sana hapa bwenini. Iko kijiji cha Elciego, kwenye nchi ya mvinyo ya Rioja. Mchoraji wake ni Frank Gehry, na ilifunguliwa mwaka 2006. Paa lake ni mabati ya titani yaliyopindapinda kama utepe uliotupwa juu ya nyumba: rangi ya waridi kwa ajili ya mvinyo, dhahabu kwa ajili ya wavu unaovishwa chupa, fedha kwa ajili ya kifuniko. Mgeni anaamka asubuhi, anafungua pazia, anaona mizabibu mpaka macho yanachoka. Analipa hela nyingi kwa hilo tu: kulala karibu na zabibu.

Mshkaji mmoja akauliza, "Sasa sisi je? Dodoma si tuna zabibu kibao?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana swali ni la maana kuliko alivyodhani. Zabibu tunazo, wageni tunao, hoteli tunazo. Mbona hivi vitatu havijawahi kukutana vizuri? Jibu nimelitafuta kwenye historia, na nadhani liko kwenye jambo moja: mgeni wa Dodoma, tangu zamani, hakuja kwa ajili ya Dodoma. Alikuwa anapita.

Tuanze na misafara. Karne ya 19, njia kubwa ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley akapita mwaka 1871. Nchi ni kavu, visima ni vichache na kila kisima kina wenyewe. Mwenye msafara alitakiwa kulipa hongo kwa watemi, yaani vitambaa, shanga na nyaya, ndipo apate maji na ruhusa ya kupita. Stanley alilalamika sana juu ya hongo ya Ugogo. Lakini wewe fikiria, mtu amelala kwako, amekunywa maji yako, watu wake mamia wamekula nafaka yako, halafu analia kuona bili! Mimi naiita hongo ile bili ya kwanza ya hoteli Dodoma. Leo neno hilohilo maana yake ni rushwa. Maneno nayo yana bahati zao.

Angalieni tarehe. Msafara wa Burton ulipokuwa ukihesabu shanga Ugogo, kule Elciego walikuwa mbioni kuanzisha kiwanda cha Marqués de Riscal, kilichoanza mwaka 1858. Hicho ndicho chenye hoteli ya kwenye picha. Kwa hiyo hoteli ile haikuanguka toka mbinguni mwaka 2006. Nyuma yake kuna miaka karibu 150 ya kutengeneza mvinyo mahali pamoja.

Halafu ikaja reli, na hapa ndipo panaponiuma. Kule Rioja, mji wa Haro ulipata stesheni miaka ya 1860. Muda si mrefu mizabibu ya Ufaransa ikaanza kufa kwa mdudu filoksera anayekula mizizi, wanunuzi wa Bordeaux wakakimbilia Hispania. Watengeneza mvinyo wakajenga viwanda vyao palepale stesheni: López de Heredia mwaka 1877, CVNE mwaka 1879. Mpaka leo mtaa ule unaitwa mtaa wa stesheni na watalii wanakwenda kuutembelea. Treni ilichukua mali ya Haro ikaipeleka duniani.

Reli ya Kati ya Mjerumani ilitoka Dar, ikapita Dodoma, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mji ukakua kandokando yake, na hoteli maarufu ya zamani ya Dodoma ikasimama karibu na stesheni, ikaitwa hoteli ya reli. Jina linajieleza. Ilikuwa ya mtu anayesubiri treni au aliyeshuka kwenye treni. Miaka ya 1930 ndege za Imperial Airways za kwenda Afrika Kusini nazo zilitua Dodoma, zikaendelea Mbeya. Stesheni, kiwanja cha ndege, barabara kuu ya kutoka kaskazini kwenda kusini... kila kitu kilikuwa cha kupita.

Na wenyeji? Vita vya Kwanza vya Dunia viliwachukulia ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kwanza na Mjerumani, kisha na Mwingereza. Mvua nayo ikakataa. Njaa iliyofuata Wagogo wanaiita Mtunya, na maelfu ya watu walikufa. Reli ilikuwepo wakati huo wote. Ndiyo maana nawaambia reli peke yake si maendeleo, inategemea inabeba nini na kwa faida ya nani.

Zabibu zenyewe zililetwa na wamisionari wa Kikatoliki, na jina linalotajwa zaidi ni Bihawana, misheni iliyo nje kidogo ya mji. Tangu mwaka 1935 eneo la Dodoma lilikabidhiwa mapadri Wapasionisti kutoka Italia. Mtaliano bila mzabibu hakai, na misa inahitaji divai. Wakakuta nchi kavu, yenye jua, iliyoinuka kama mita 1,100 juu ya bahari, na mzabibu ukaipenda. Rioja mzabibu unalala wakati wa baridi, unavunwa mara moja kwa mwaka. Hapa haulali. Ukiupogoa unaamka, ukiupogoa tena unaamka tena, kwa hiyo tunavuna mara mbili. Baadaye gereza la Isanga, JKT na kituo cha utafiti cha Makutupora wakaingia, na wanakijiji wakafuata.

Wakati wa ujamaa mnunuzi alikuwa shirika la umma. Zabibu ziligeuzwa mvinyo hapahapa mjini na jina la Dodoma likaandikwa kwenye chupa. Mashirika yalipoyumba na kubinafsishwa miaka ya 1990, soko likayumba nayo, na wako wakulima waliong'oa mizabibu wakapanda kitu kingine. Miaka ya 2000 mambo yakaamka tena: CETAWICO wakaweka kiwanda Hombolo, wanunuzi wakubwa wakarudi, na Chinangali, wilaya ya Chamwino, wakulima wadogo wakaunganishwa kwenye shamba la umwagiliaji wa matone.

Hapa niseme la kwangu kidogo. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye ekari mbili za zabibu za mama. Ukivuna zabibu, saa inaanza kuhesabu. Mahindi unaweza kuyaficha kwenye kihenge ukasubiri bei, zabibu haikusubiri. Kuna mwaka mnunuzi aliahidi lori siku ya Jumatatu, likaja Ijumaa, na bei ikawa imeshuka kwa sababu "mzigo umechoka". Nani aliuchosha? Mama alipokea, angefanyaje. Basi ndiyo maana siku hizi watu wanakamua wenyewe na kuuza kinachoitwa mchuzi wa zabibu, maana mchuzi ukiwa kwenye tangi unakaa, na anayekaa anaweza kubishana bei. Lakini mchuzi mwingi unaondoka na matangi, unakwenda kuwa chupa ya mtu mwingine kwa jina lingine.

Linganisha na wenzetu. Jina Rioja lililindwa kisheria tangu mwaka 1925, na mwaka 1991 likapandishwa daraja la juu kabisa kule Hispania. Huwezi kuokota zabibu popote ukaandika Rioja. Serikali yetu imejaribu njia ya kodi: mvinyo wenye zabibu za nyumbani zaidi ya asilimia 75 unatozwa ushuru mdogo kuliko wenye zabibu za nje. Ni hatua, naipongeza. Ila kodi inalinda zabibu, hailindi jina. Na mgeni halipii zabibu tu. Analipia jina na mahali.

Turudi kwa wageni. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma. Bunge likahamia mwaka 1996, na ukumbi mpya ukazinduliwa mwaka 2006, mwaka uleule wa hoteli ya Gehry! Serikali ikaanza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakuleta toka Dar kwa saa zisizozidi nne. Mahoteli yameota kila kona. Lakini muulize mgeni anaamkia nini dirishani: anaamkia maegesho ya magari. Kalala kwa ajili ya semina, kesho anaondoka, na mezani kwake chupa imetoka Afrika Kusini. Ni msafara uleule, umebadilisha usafiri tu, na safari hii hata hongo haifiki kisimani.

Mimi naamini hoteli ya kwenye mizabibu itakuja. Treni imeshafika na ardhi ya kuzunguka mji inapanda bei kila msimu. Hofu yangu ni namna itakavyokuja. Njia moja ni mtu kununua mashamba ya Hombolo au Mpunguzi, kujenga paa la kumetameta, kisha mama zetu wakaajiriwa kupogoa mizabibu waliyoipanda wenyewe. Njia nyingine ni wakulima kubaki na mashamba yao, kuwa na tangi lao na chupa yao yenye jina la kijiji, halafu nyumba sita za wageni zijengwe pembeni, safi, zenye maji, wakiwa na hisa. Haitapigwa picha na dunia nzima. Lakini Haro nao walianza na stesheni na mapipa, titani ikaja baada ya miaka mia na ushee.

Wale wa BBA na wale wa kilimo, hebu acheni kudesa kidogo mnipigie hesabu: tangi la lita elfu tano, chupa, vizibo na lebo, kwa kikundi cha wakulima ishirini. Inalipa au hailipi? Leteni majibu hapa kibarazani, tena yenye namba. Kesho asubuhi nina test, naomba dua zenu.