Seli Povu na Uji wa Ateri

Mwaka 1904 tabibu Mjerumani Felix Marchand aliunda jina "atherosklerosisi" kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki: uji na ugumu. Sisi tunaposema "ugumu wa ateri" tumechukua ugumu, uji tumeuacha. Na uji ndio unaoua.

Wengi tumeelezwa kwamba mafuta huganda tu ukutani mwa mshipa. Sivyo. Lehemu hupenya utando wa ndani wa ateri, ikanasa chini yake na kuharibika. Hapo kinga ya mwili huamka. Monosaiti, aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu, hujipenyeza katikati ya seli za utando na kugeuka makrofaji, seli ambayo kazi yake ni kumeza uchafu. Lakini vipokezi inavyomezea lehemu iliyoharibika havifungi mlango hata ikishiba. Wanasayansi Joseph Goldstein na Michael Brown walivieleza mwaka 1979. Basi makrofaji humeza na kumeza hadi mwili wake wote ukajaa vitone vya mafuta. Ukiitazama kwa hadubini, utadhani imejaa mapovu.

Ndiyo seli povu. Nashauri tuandike hivyo, wala si "seli ya povu", kwa mtindo uleule wa "askari kanzu": askari ni askari, kanzu ni sura aliyojitwalia. Seli hii nayo bado ni mlinzi wa mwili.

Seli povu zikifa pasipo kuondolewa, mafuta yake humwagika na kufanya ule uji. Juu yake hukaa kifuniko cha nyuzinyuzi, na makrofaji zilizobaki hutoa vimeng'enya vinavyokila. Kikipasuka, damu huganda papo hapo: mshtuko wa moyo, au kiharusi.

Kwamba kinga ina mkono wake humu kulithibitishwa mwaka 2017. Watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata mshtuko wa moyo walishiriki katika jaribio la kanakinumabu, dawa inayozima ishara moja ya kinga bila kupunguza lehemu. Kwa waliopewa kipimo cha kati, mishtuko, viharusi na vifo vya moyo vilipungua kwa takriban asilimia 15. Vifo vya maambukizi, hata hivyo, viliongezeka miongoni mwa waliotumia dawa hiyo, kwa kuwa ishara iliyozimwa ndiyo pia inayoiita kinga dhidi ya vijidudu.