Jina Linalouza: Historia ya Alama za Biashara Kibera na Kawangware

Otieno Gomba na Otieno Kota walipoanzisha kikundi cha Maasai Mbili huko Kibera mwaka 2001, walikuwa mafundi wa kuandika mabango. Baadaye kikundi hicho kilijulikana kwa sanaa hadi nje ya mipaka ya Kenya, lakini mwanzo wake ulikuwa brashi, kopo la rangi na mwenye kibanda anayetaka jina lake lisomwe na wapita njia.

Ukitembea leo kutoka soko la Toi ukaingia Kibera, au ukishuka kwenye matatu ya namba 46 huko Kawangware, utaona kazi ya mafundi wa aina hiyo kila mahali. Mabati na kuta zina majina ya aina mbili. Kuna ya makampuni makubwa, ya soda, sabuni na simu, ambayo hata rangi zake zina mwenyewe mbele ya sheria. Halafu kuna ya kinyozi, fundi cherehani, mama wa chapati na muuza sabuni ya maji, ambayo mlinzi wake ni majirani tu. Watu wanamjua mwenye jina, basi.

Ulinzi huo wa kujuana ni wa zamani kuliko nyumba nyingi za mtaa. Wanubi, askari wa King's African Rifles na jamaa zao, walipewa makao Kibra, ndiyo Kibera ya leo, mwanzoni mwa karne ya 20. Enzi za ukoloni, wanawake wa jamaa hizo walipika pombe kali iliyovuma Nairobi nzima kwa jina la Nubian gin. Wateja walilijua jina, wakalitaja, wakaifuata bidhaa hadi mlangoni. Lakini pombe hiyo ilikuwa haramu kwa sheria ya mkoloni, na hakuna msajili ambaye angeipokea. Kwa hiyo mojawapo ya majina ya kwanza kuipa Kibera sifa ya kibiashara lilipita mikononi mwa wengi bila kuwa mali ya yeyote, na wanawake waliolijenga hawakuacha urithi wowote wa kisheria kwa jina hilo.

Mombasa mambo yalikwenda vingine. Kaderdina Hajee Essak alianza biashara mwaka 1887, na kanga za nyumba yake zikatambulika kwa herufi K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla" yaliyochapwa kwenye kitambaa chenyewe. Zaidi ya karne moja baadaye, wanunuzi wa kanga bado huyatafuta maneno hayo kabla ya kutoa pesa. Hiyo ndiyo kazi ya alama ya biashara. Humwambia mnunuzi bidhaa imetoka kwa nani, ili asilazimike kumjua muuzaji ana kwa ana.

Sheria ambayo Kenya inaitumia ina mizizi Uingereza, ambako daftari la alama lilifunguliwa tarehe 1 Januari 1876 na pembetatu nyekundu ya bia ya Bass ikaandikwa ya kwanza. Sheria ya Alama za Biashara ya Kenya, Sura ya 506, ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1957, karibu miaka saba kabla ya Uhuru. Tangu mwaka 2002 usajili umekuwa mikononi mwa taasisi ya mali ya viwanda, KIPI, iliyochukua nafasi ya KIPO ya mwaka 1990.

Katika miaka hiyo yote, wakazi wa Kibera na Kawangware waliziishi alama za wengine. Mikebe mikubwa ya mafuta ya kupikia ya Kimbo na Kasuku iligeuzwa kipimo cha mahindi na maharagwe sokoni, ikaitwa gorogoro. Sabuni yoyote ya unga ikaitwa Omo, hata kama imetoka kiwanda kingine. Mwaka 2002 Unilever iliiuzia Bidco jina la Kimbo, na akina mama wa sokoni wakaendelea kununua mafuta yaleyale bila kuhisi badiliko. Kilichobadilisha mikono kilikuwa, kwa sehemu kubwa, imani ya wapishi iliyokusanyika katika herufi tano. Mwaka 2020 Safaricom na Vodacom nazo zililinunua jina la M-Pesa kutoka Vodafone, ingawa huduma yenyewe ya kutuma pesa kwa simu ilikuwa imezaliwa Kenya mwaka 2007 na kukuzwa na mawakala wa vibanda kama vya Kawangware.

Jina, basi, ni mali inayouzika. Hilo wengi wa mtaani wanalijua. Kinachowaangusha ni karatasi. Mtu analipa leseni ya kaunti, anasajili jina la biashara kupitia eCitizen, anatundika vyeti ukutani na kuamini amelindwa. Leseni inamruhusu kufungua kibanda. Cheti cha jina kinamruhusu kufanya biashara kwa jina hilo. Hakuna kati ya hivyo viwili kinachompa haki ya kumzuia mwingine asibandike jina lilelile kwenye chupa za sabuni. Haki hiyo hutoka kwenye daftari la alama. Kifungu cha 5 cha sheria kinasema wazi kwamba hakuna kesi ya kuvunja haki ya alama ambayo haijasajiliwa. Asiyesajili hubaki na njia ya kushtaki kwamba mwingine anauza bidhaa kwa kujifanya yeye, na hapo itambidi athibitishe mahakamani sifa aliyoijenga na hasara aliyoipata. Kwa mama anayeuza maandazi, gharama ya ushahidi huo yaweza kumeza mtaji wote.

Biashara inayobaki katika kichochoro kimoja huenda isiumie. Taabu huanza bidhaa zinapotoka nje ya mtaa. David Avido, mbunifu wa mavazi aliyekulia Kibera, ameifikisha lebo yake ya Lookslike Avido mbali na cherehani za nyumbani, na mwaka 2020 alijulikana zaidi kwa kushona barakoa na kuzigawa bure. Nguo inayonunuliwa kwa simu na mtu asiyewahi kufika Kibera haina jirani wa kuitetea.

Kisa cha kikoi kinaonyesha hatari hiyo ilivyo kubwa. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili huko neno "Kikoy", jina la vazi ambalo watu wa pwani wamelivaa kwa vizazi. Wakenya na marafiki wao wa biashara ya haki, likiwamo shirika la Traidcraft, walipinga, na ombi hilo likaachwa mwaka 2008. Walishinda kwa sababu walipinga ndani ya muda. Maneno "Hakuna matata" hayakupata bahati hiyo. Disney ilipata usajili wa maneno hayo kwa fulana nchini Marekani mwaka 2003, na kelele kubwa za kupinga zilisikika mwaka 2018, miaka 15 baadaye.

Je, jina la Kibera lenyewe laweza kusajiliwa? Hapa sheria inawagusa moja kwa moja mafundi wa Kibera wanaochonga mifupa ya ng'ombe kuwa hereni na bangili. Kifungu cha 12 kinafanya iwe vigumu kwa mtu mmoja kumiliki jina la mahali, na ni haki iwe hivyo, maana Kibera ni ya wote. Lakini kifungu cha 40A kinaruhusu chama kusajili alama ya pamoja hata ikiwa na jina la mahali. Wasusi wa vikapu wa Taita wameitumia njia ya alama ya pamoja. Vikundi vya Kibera vina kila sababu ya kuwafuata.

Hatua zenyewe si fumbo. Mwombaji hufanya upekuzi kwanza, ili ajue kama kuna aliyemtangulia. Kisha hujaza fomu TM 2 na kuchagua daraja la bidhaa au huduma kati ya 45: nguo ni la 25, sabuni la 3, mkate na unga la 30, hoteli ya chakula la 43. Jina lisiwe maelezo ya bidhaa yenyewe. "Sabuni Safi" litapata shida kupita. Likikubaliwa hutangazwa katika jarida la KIPI, na mwenye pingamizi ana siku 60. Cheti hudumu miaka 10 tangu siku ya ombi na huhuishwa tena na tena, lakini alama isiyotumika kwa miaka mitano yaweza kuondolewa. Cheti cha Kenya hakivuki mpaka. Anayeuza Kampala au London aombe huko; kwa London anaweza pia kutumia mfumo wa Madrid wa usajili wa kimataifa, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1998.

Ofisi za KIPI ziko Popo Road, South C, mwendo mfupi wa matatu kutoka Kibera. Mwenye jina linaloanza kuuza afike huko kufanya upekuzi kabla ya kuchapisha lebo, na vikundi vya mafundi viende na kanuni zao za kutumia alama ya pamoja zikiwa tayari zimeandikwa.