Chai: sharti limeandikwa kwa nani?

Wasomaji, leo naweka kompyuta kando (kidogo tu) tuongee chai. Ukisafiri kutoka Kericho kwenda Bomet utaona mashamba ya aina mbili: yale makubwa yaliyokatwa sawa kama zulia, na vishamba vya familia vinavyolisha viwanda kama Litein, Kapkoros na Mogogosiek. Mmea ni uleule. Sheria ndiyo tofauti.

Brooke Bond na James Finlay walijikita Kericho miaka ya 1920. Bei ya dunia ilipoporomoka, wazalishaji wakubwa walikubaliana mwaka 1933 kubana upanzi, na mwaka 1934 serikali ya kikoloni Kenya ikakubali nayo. Mwenye shamba kubwa akabaki na miche yake. Mkipsigis jirani yake hakuruhusiwa kupanda. Kwenye makaratasi ilikuwa kulinda bei. Mimi naona ililinda pia vibarua wasiache kazi wakalime chao. Mwaka huohuo 1934 ilitungwa sheria ya kuwahamisha Talai hadi Gwassi!

Kisha Mau Mau ikaitisha serikali. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ukataka mkulima Mwafrika mwenye mali na asiye na ghasia, ndipo milango ikafunguka. KTDA ikaundwa 1964. Mkulima mdogo akapata leseni, lakini majani yake yalikuwa na mlango mmoja tu wa kuuzia. Kampuni kubwa zilichuma, zikasindika na kuuza zenyewe.

KTDA ilibinafsishwa mwaka 2000, ila mazoea hayakuisha. Julai 2021, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi, iliwekwa bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo katika mnada wa Mombasa. Kwa nani? Chai ya viwanda vya KTDA pekee. Sisi waandika programu tunajua: sharti likimgusa mmoja, mwingine hupita. Wanunuzi wakaenda kwa chai isiyofungwa. Waliobanwa zaidi ni Kericho na Bomet, maana chai ya huku huuzwa kwa bei ya chini kuliko ile ya mashariki ya Bonde la Ufa. Mkulima akatangaziwa bei nzuri huku chai yake ikirundikana ghalani. Bei hiyo iliondolewa 2024.

Na mashine za kuchuma chai, zilizokula kazi za watu wengi? Huko serikali haikuwa na haraka. Chama cha wafanyakazi kiligoma Oktoba 2010, kesi zikaenda mahakamani, na Mei 2023 waandamanaji wakachoma mashine kadhaa Kericho.