Tumaini Alifia Bolivia

Juni 26, 1967, karibu na kijiji cha Florida, kusini-mashariki mwa Bolivia, risasi ilimpasua ini Mkuba mmoja aliyeitwa Tuma. Wenzake walijaribu kumfanyia upasuaji, lakini hakupona. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Carlos Coello. Hilo la Tuma ni ufupisho wa jina alilolitumia ng'ambo ya Kigoma, upande wa pili wa Ziwa Tanganyika: Tumaini.

Mimi nimeingia katika historia hii kwa mlango wa jina hilo. Nilikuwa naisoma shajara ya Bolivia ya Ernesto Che Guevara, majina ya Kihispania yakipishana, ghafla nikamwona Tuma na pembeni yake mwenzake, Pombo. Ukikuta jina la kwenu katikati ya ugeni, hufunui ukurasa ukapita tu. Nikatandaza ramani mezani, nikaanza kuifuata njia yao kwa kidole.

Njia inaanzia Dar es Salaam. Aprili 19, 1965, walishuka pale wanaume watatu kutoka Cuba, mmoja wao amenyoa ndevu na kuvaa miwani asitambulike. Huyo ndiye Guevara. Akachukua kamusi ya Kiswahili, akagawa majina ya vita kwa tarakimu: Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, mwenyewe akajiita Tatu. Siku tano baadaye wakavuka ziwa usiku kutoka Kigoma, kwenda kuwaunga mkono waasi wa Kongo. Upande wa adui kulikuwa na mamluki wa Kizungu na marubani Wakuba waliokimbia mapinduzi ya kwao, wakirusha ndege kwa hisani ya Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA. Kwa hiyo Mkuba alimwinda Mkuba juu ya ardhi isiyokuwa ya yeyote kati yao.

Novemba 21 mwaka huohuo walivuka kurudi, wameshindwa. Guevara akajifungia ubalozi wa Cuba, Dar es Salaam, akaandika habari za Kongo bila kujipendelea: kuanzia mistari ya kwanza alikiri kwamba anasimulia kushindwa. Kisha akapitia Prague, akarudi Cuba kwa siri kuandaa kundi jipya. Mwanzoni mwa Novemba 1966 alitua La Paz akiwa na kipara cha kunyoa, pasipoti yake ikimtaja kuwa mfanyabiashara wa Uruguay. Novemba 7 alifika shambani Ñancahuazú, na shajara ikaanza. Mbili, Pombo na Tuma walikuwa katika kundi lake.

Hapa kidole changu kilisimama, kwa sababu Bolivia haikuwa nchi iliyokuwa ikisubiri kufundishwa mapinduzi. Ilishayafanya mwaka 1952. Wachimba migodi na raia wenye silaha walilishinda jeshi, migodi mikubwa ya bati ikataifishwa, wenyeji asilia wasiojua kusoma wakapata kura, na Agosti 1953 ikatiwa saini sheria ya kuwagawia wakulima mashamba ya makabaila. Aliyeyapindua mapinduzi hayo mnamo Novemba 1964, Jenerali René Barrientos wa jeshi la anga, hakuwa mjinga wa kuwanyang'anya wakulima ardhi. Alifunga nao mapatano: wao wawe upande wa jeshi, jeshi lisiguse mashamba yao. Alikuwa mwenyeji wa Cochabamba, na akitembelea vijijini alihutubia kwa Kikechua.

Wageni wa Ñancahuazú nao walijifunza Kikechua, jioni baada ya jioni, kambini. Bahati mbaya wenyeji wa eneo lile walizungumza Kiguarani. Mwezi baada ya mwezi, Guevara alifunga hesabu katika shajara yake kwa lalamiko lilelile: wakulima hawajiungi.

Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwaka ule Bolivia ilipata wageni wa aina mbili, na wote walidai kuja na dawa. Risasi za kwanza zilipolia Machi 23, 1967, Washington haikuchelewa. Meja Ralph Shelton aliletwa na kikundi kidogo cha makomandoo wa Marekani, wakafundisha kikosi cha askari zaidi ya 600 katika kiwanda cha sukari kilichoachwa, kaskazini mwa Santa Cruz. Kijiji chenyewe kinaitwa La Esperanza. Kwa Kiswahili: Tumaini.

Lakini kulikuwa na tumaini la tatu, la wenyeji wenyewe, nalo lilikuwa migodini. Wachimbaji wa Siglo XX na Catavi walikuwa wamekatwa mishahara na serikali ya kijeshi tangu 1965. Juni 1967 walikuwa wakijiandaa kwa mkutano wa vyama vyao, na pendekezo lilishatajwa la kuwachangia wapiganaji wa msituni ujira wa siku. Usiku wa Juni 23 ulikuwa mkesha wa Mtakatifu Yohane, usiku wa baridi kali huko milimani. Familia ziliwasha mioto nje ya nyumba, zikanywa na kucheza. Alfajiri ya Juni 24, walevi wakijikongoja kwenda kulala, jeshi likaingia likipiga risasi. Wengine walidhani ni fataki.

Wapiganaji wa msituni walisikia kwa redio. Kati yao na migodi ile kulikuwa na safari ya mamia ya kilomita, na hapakuwa na uzi wowote wa kuwaunganisha. Siku mbili baadaye Tuma akafa.

Alipoanguka alitaka saa yake ya mkononi apewe kamanda. Guevara alielewa maana yake: ifikishwe kwa mtoto ambaye Tuma hakuwahi kumwona. Akaapa kuibeba hadi mwisho wa vita. Mbili aliuawa Julai 30. Oktoba 8, katika bonde la Yuro, askari waliofundishwa La Esperanza walimkamata Guevara amejeruhiwa mguu, bunduki yake imeharibika. Alikuwa na saa mbili, yake na ya Tuma.

Walimfungia katika darasa la shule ya kijiji cha La Higuera. Félix Rodríguez, Mkuba aliyetumwa na CIA, alikuwepo. Mchana wa Oktoba 9 amri ya La Paz ya kumuua ilitekelezwa na sajini Mario Terán. Maiti ilifungwa kwenye helikopta hadi Vallegrande, ikalazwa juu ya karo la saruji katika chumba cha kufulia cha hospitali ili waandishi waipige picha. Kisha ikakatwa mikono na kufukiwa kwa siri karibu na uwanja wa ndege. Mifupa ilipatikana 1997. Bolivia yenyewe, kwa sehemu kubwa, ilibaki kupokezana majenerali hadi 1982.

Pombo alipenya. Februari 1968 yeye na wenzake wawili Wakuba walivuka milima kuingia Chile, ambako seneta Salvador Allende aliwasaidia kurudi kwao. Miaka mitano baadaye majenerali wa Chile nao walimpindua Allende, wakati huo akiwa rais. Pombo alizeeka Cuba, akafikia cheo cha brigedia jenerali. Jina lake rasmi lilikuwa Harry Villegas, lakini hadi alipofariki mwaka 2019 watu waliendelea kumwita kwa jina la Kongo.