Wazazi Watarajiwa Wasiofunga Ndoa: Wajibu wa Malezi Hausubiri Harusi

Mtoto anayetarajiwa kuzaliwa na wazazi wasiofunga ndoa ana haki sawa na mtoto wa ndoa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu yoyote, ikiwamo hali ya kuzaliwa kwake. Kwa wakazi wa Kata ya Ng'ambo na Manispaa yote ya Tabora, maana yake ni kwamba maandalizi ya malezi yanawahusu baba na mama tangu ujauzito unapojulikana.

Mila na sheria

Tabora ilikua katika njia ya misafara iliyounganisha pwani na Ujiji, na familia zake ziliundwa kwa desturi za watu wa asili mbalimbali. Katika mila za Unyamwezi, mahari ilikuwa na uzito mkubwa katika kuamua ukoo wa mtoto. Pasipo mahari, mtoto alihesabiwa wa upande wa mama. Mila hiyo ilihusu ukoo. Haimwondolei baba wajibu wa matunzo, ambao kisheria ni chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na nafasi ya kucheza. Shauri la matunzo likifika mahakamani, kipato na mali za wazazi wote wawili huzingatiwa.

Kwa wanaoishi pamoja, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaeleza kuwa mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja kwa miaka miwili au zaidi, na jamii ikawatambua kama mume na mke, huchukuliwa kuwa wanandoa hadi ithibitishwe vinginevyo.

Mambo ya kukubaliana mapema

Wazazi watarajiwa wanashauriwa kuhudhuria kliniki pamoja, mahudhurio ya kwanza yakifanyika kabla ya wiki ya 12 ya ujauzito. Hapo wote wawili hupimwa, hupewa elimu ya lishe na dalili za hatari, na hupanga mahali pa kujifungulia.

Nyumbani, yafaa wakubaliane nani atagharimia usafiri na mahitaji ya kujifungua, mama ataishi wapi baada ya uzazi, mchango wa kila mzazi utatolewaje, na mtoto atamwonaje mzazi asiyeishi naye. Wasipoendelea na uhusiano wao, makubaliano hayo bado yatamlinda mtoto.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inasisitiza afya, lishe, ulinzi, ujifunzaji wa awali na malezi yenye mwitikio. Kuzungumza na mtoto, kumbeba na kucheza naye ni kazi ya baba pia.

Uzazi unapokanushwa

Ombi la kuthibitisha uzazi linaweza kupelekwa mahakamani hata kabla ya mtoto kuzaliwa. Mwombaji anaweza kuwa mzazi, mlezi, afisa ustawi wa jamii au mtoto mwenyewe. Ushahidi unaokubalika ni pamoja na jina la mzazi katika daftari la vizazi, sherehe ya kimila iliyofanywa na baba, kukiri hadharani, kukataa kupimwa, na matokeo ya vinasaba. Kwa sababu hiyo, kumsajili mtoto mapema kwa majina ya wazazi wote ni kinga muhimu.

Mama akiwa chini ya miaka 18

Kumpa ujauzito msichana aliye chini ya miaka 18 nje ya ndoa ni jambo la jinai, wala halimalizwi kwa familia kuelewana. Msichana aliyekatiza masomo kwa ujauzito anaweza kurejea shuleni kwa mujibu wa waraka wa elimu wa mwaka 2021.

Pa kuanzia

Mwenye shida aanze kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ambaye kisheria ana jukumu la kutoa unasihi na kusuluhisha wazazi. Taarifa za ukatili dhidi ya mtoto hupokelewa bila malipo kwa simu namba 116.