Mzigo wa Mwenye Shaka

Wahenga walisema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Methali hii ina hekima yake, lakini wakati wa maradhi ya kuenea huweza kuwa mtego. Ugonjwa uingiapo mjini, maneno huwa mengi kuliko wagonjwa. Mmoja husema kuwa hili ni pigo lisilopata kuonekana; wa pili husema kuwa hapana ugonjwa ila hila za watu; na kila mmoja hujiona ana ushahidi mkononi. Yule wa pili hujiita mwenye shaka, na jina hilo lina heshima katika elimu, kwani pasipo shaka hapana utafiti. Hata hivyo, asemaye "si kweli" ametoa dai kama alivyotoa yule asemaye "ni kweli", na wote wawili wana mzigo wa kulithibitisha. Historia ya kipindupindu katika karne ya 19 yaonyesha jambo hili kwa uwazi, maana ilikuwa na wenye shaka wa kila namna: walioipima shaka yao, walioiacha mbele ya ushahidi, na walioishikilia hadi mwisho.

Siku ya mwisho ya Agosti 1854 kipindupindu kilizuka kwa ghafula katika mtaa wa Soho, mjini London. Katika majuma machache watu zaidi ya 600 walikufa. Rai iliyotawala wakati huo, kwa matabibu na kwa wakuu wa serikali, ilikuwa kwamba ugonjwa huletwa na hewa mbaya itokayo katika uozo. Daktari John Snow alikuwa na rai nyingine. Tangu mwaka 1849 alikuwa ameandika kwamba ugonjwa humwingia mtu kwa kinywa, na hasa kwa maji yaliyochanganyika na uchafu wa wagonjwa. Alizitazama nyumba za wafu, akaona kuwa nyingi zilikuwa karibu na kisima cha bomba cha Broad Street. Tarehe 7 Septemba alitoa hoja zake mbele ya wakuu wa mtaa, na siku ya pili yake mkono wa bomba uliondolewa.

Kisa hiki husimuliwa kana kwamba mkono ulipoondolewa ugonjwa ulikoma na ubishi ukaisha. Haikuwa hivyo. Snow mwenyewe alikiri kwamba vifo vilikwisha kuanza kupungua kabla ya siku hiyo, kwa sababu watu wengi walikuwa wameukimbia mtaa. Nguvu ya hoja yake ilikuwa mahali pengine, katika mambo ambayo rai ya hewa mbaya haikuweza kuyaeleza. Karibu na kisima palikuwa na nyumba ya kutunzia maskini yenye watu 535, nao walikufa 5 tu. Nyumba hiyo ilikuwa na kisima chake. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha mtaa huo hawakufa, nao hawakuwa wakinywa maji ya bomba. Lakini mjane mmoja aliyekaa Hampstead, mbali na hewa ya Soho, alikufa. Na ilipoulizwa, ilijulikana kuwa alikuwa akipelekewa maji ya Broad Street kwa kuwa aliyapenda ladha yake. Hewa aliyovuta ilikuwa ya Hampstead, na maji aliyokunywa yalikuwa ya Soho.

Wengi hawakusadiki. Miongoni mwao alikuwa Henry Whitehead, kasisi msaidizi wa mtaa huo, ambaye alikuwa amewaona kwa macho yake wagonjwa walioyanywa maji ya bomba hilo kwa wingi na wakapona. Shaka yake ilikuwa na msingi. Lakini Whitehead hakuridhika na visa alivyovikumbuka, wala hakuona kuwa kazi ya kuleta ushahidi ni ya Snow peke yake. Aliingia nyumba kwa nyumba akiuliza nani alikunywa na nani hakunywa. Hakuwauliza jamaa za wafu tu, bali na wazima pia. Maana afanyaye hesabu ya wafu peke yao hajui kama wazima nao walikunywa maji yale yale. Kadiri alivyouliza, ndivyo hoja aliyotaka kuibomoa ilivyozidi kusimama. Mwisho ni yeye aliyegundua kisa cha mtoto mchanga wa nyumba namba 40, aliyeugua siku chache kabla ya mlipuko. Mama yake alikuwa akimwaga maji ya kufulia nepi katika shimo la uchafu lililokuwa jirani sana na kisima. Baba wa mtoto huyo aliugua siku ile ile mkono wa bomba ulipoondolewa. Yamkini kitendo hicho, ambacho hakikuuzima mlipuko wa kwanza, kiliuzuia wa pili.

Mwenye shaka mwingine alikuwa William Farr, bingwa wa takwimu za vifo nchini Uingereza. Farr alikuwa ameona kwamba katika mlipuko wa mwaka 1849 vifo vilikuwa vingi katika sehemu za bondeni na vichache katika sehemu za juu, akaona kuwa hiyo ni dalili ya hewa mbaya ya mtoni. Hesabu zake zilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa katika tafsiri, kwa kuwa watu wa bondeni ndio pia walionywa maji machafu zaidi ya mto. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini wingu moja laweza kuwa dalili ya mambo mawili. Snow alikufa mwaka 1858 pasipo rai yake kukubaliwa na wengi. Kipindupindu kiliporudi mwaka 1866, Farr alifuata vifo vya London ya mashariki hadi akayafikia maji ya kampuni moja yaliyopelekwa kwa watu bila kuchujwa. Mtu huyo aliyekuwa mkuu katika hesabu aliigeuza rai yake hadharani, na heshima yake katika elimu haikupungua.

Pwani ya Afrika Mashariki haikuwa mbali na mambo haya. Kipindupindu kilipoingia Unguja mwaka 1869, alikuwapo Daktari James Christie, tabibu wa Sultani, ambaye mwaka 1876 alitoa kitabu juu ya milipuko ya ugonjwa huo katika Afrika Mashariki. Mtu angeweza kudhani kuwa maradhi yaliletwa na vyombo vya baharini. Christie aliwauliza wasafiri na wafanyabiashara, akalinganisha neno la huyu na la yule kwa tarehe na kwa njia, akaona kuwa ugonjwa uliteremka kutoka nchi ya Wamasai hadi Pangani, kisha ukavuka kwenda Unguja. Maneno ya watu wa misafara hakuyatupa kwa kuwa ni maneno tu, wala hakuyameza yote, aliyapima. Hapo ndipo methali ya "lisemwalo lipo" hupata mahali pake: uvumi ni mwanzo wa swali, na jibu hutafutwa mbele yake.

Mwaka 1892 ulileta mwenye shaka wa namna nyingine. Max von Pettenkofer wa Munich alikuwa mtu mkubwa katika elimu ya afya, na mji wake ulisafishwa kwa juhudi zake. Robert Koch alikuwa amekwisha kuonyesha, mwaka 1883 na 1884, kijidudu cha kipindupindu. Pettenkofer hakukana kuwapo kwa kijidudu hicho, bali alisema hakiwezi kuleta mlipuko pasipo hali maalumu ya udongo na maji ya ardhini. Tarehe 7 Oktoba 1892, akiwa na umri wa miaka 73, alikunywa vijidudu hai mbele ya mashahidi, baada ya kuizimua asidi ya tumbo lake. Aliharisha siku kadhaa, akapona, akasema kuwa kuharisha huko si kipindupindu, na kwamba hoja yake imethibitika.

Ushujaa wake hauna shaka, lakini ushahidi wake ulikuwa mwembamba. Wengi wamezao kijidudu hicho huugua kidogo tu au hawaugui kabisa, hivyo kupona kwa mtu mmoja hakutoi hukumu. Tena ushahidi mzito ulikuwa mbele ya macho ya Ujerumani yote. Majira hayo hayo mji wa Hamburg ulipoteza watu zaidi ya 8,000, na wakuu wake walikuwa wamechelewa kuutangaza ugonjwa kwa kuihofia biashara ya bandari. Mji wa Altona uliopakana nao, wenye udongo ule ule na hewa ile ile, uliathirika kidogo tu. Hamburg ulikunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Altona uliyachuja kwa mchanga. Mpaka wa miji hiyo ulikuwa pia mpaka wa vifo. Pettenkofer aliliweka tumbo lake upande mmoja wa mizani, na miji miwili ilikuwa upande wa pili. Bado aliona upande wake ni mzito.

Zaidi ya karne moja baadaye ubishi wa namna hii ulifika Tanzania. Tarehe 3 Mei 2020, Rais John Magufuli, aliyekuwa na shahada ya udaktari wa falsafa katika kemia, alieleza kuwa sampuli za papai, mbuzi na vitu vingine zilipelekwa katika maabara ya taifa kwa majina ya watu, na kwamba baadhi zilirudi na jibu la kuwa na virusi vya korona. Kwa umbo lake, swali hilo lilikuwa halali. Kupima kipimo kwa sampuli ambazo mpimaji hajui asili yake ni desturi njema ya sayansi. Lakini jibu la papai, hata likiwa kama lilivyoelezwa, lathibitisha kuwa palikuwa na kasoro mahali fulani, katika kifaa, katika usafi au katika kazi ya mikono; halithibitishi kwamba wagonjwa hawapo. Mizani ikiwa mbovu hutengenezwa. Mfanyabiashara hasemi kuwa mchele hauna uzito.

Hesabu ya mwisho ya wakati huo ilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21, na kwa zaidi ya mwaka hapakutolewa nyingine. Kwa hiyo aliyesema ugonjwa umekwisha hakuwa na namba ya kuonyesha, na aliyesema wafu wamefichwa kwa maelfu hakuwa nayo pia. Kila mmoja alitegemea msiba wa jirani au uzima wa nyumba yake, kama Whitehead kabla hajaanza kubisha hodi milangoni. Mwezi wa Mei 2021 kamati iliyoundwa na Rais Samia Suluhu Hassan ilishauri takwimu zitolewe tena, na chanjo zikaanza kutolewa mwezi wa Julai mwaka huo.

Shaka peke yake haimtofautishi Whitehead na Pettenkofer, kwa maana wote wawili walikuwa nayo, na wote wawili walikuwa watu wema. Lililowatenga ni swali ambalo kila mbishani angeweza kuulizwa kabla hajaanza kusema: ni jambo gani, likionekana, litakufanya ukubali kuwa umekosea? Whitehead alikuwa na jibu, akatoka kwenda kulitafuta. Mtu asiye na jibu la swali hilo, hata akijiita mwenye shaka, amekwisha kuamini.