Olav H. Hauge, mkulima wa matufaha aliyeileta dunia Ulvik

Mwaka 1967 kilichapishwa Norway kitabu chenye jina lisilo na mbwembwe: Utanlandske dikt, yaani Mashairi ya Nchi za Nje. Aliyeyafasiri mashairi hayo hakuwa profesa, hakuwahi kusoma chuo kikuu, wala hakuwa mtu wa safari. Alikuwa mkulima wa matufaha anayekaribia miaka 60, kapera, mkazi wa kijiji kimoja tangu kuzaliwa. Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa alijifunza kwa kujisomea vitabu, jioni baada ya kazi ya shamba.

Wanorwe wengi humkumbuka Olav H. Hauge kwa mashairi yake mwenyewe, na ni haki yake. Lakini ukiyapanga maisha yake mwaka kwa mwaka, unaona kuwa kufasiri hakukuwa kazi ya pembeni. Ushairi wake uliomletea jina ulikomaa katika miaka ileile aliyokuwa akihangaika na maneno ya wenzake, na bila hao asingekuwa mshairi tunayemjua.

Alizaliwa Ulvik tarehe 18 Agosti 1908. Kijiji hicho kiko magharibi mwa Norway, kwenye ncha ya tawi moja la Hardangerfjord, mkono wa bahari unaopenya bara kwa takriban kilomita 180 katikati ya milima. Bahari hupunguza makali ya baridi, na miteremko inayoelekea jua huotesha matunda ambayo mtu asingeyatarajia kaskazini kiasi hicho: matufaha, mapea, plamu na cheri. Ardhi ya kulima ni haba. Hauge alisomea kilimo cha bustani, akapata kipande cha takriban ekari tatu, na hicho ndicho kilichomlisha hadi uzeeni. Alikuwa mkulima wa kweli, mwenye ngazi, msumeno wa kupogolea na mikono yenye sugu. Mashairi yake yamejaa shoka, fyekeo, theluji juu ya miti michanga na paka wa uani, kwa sababu hivyo ndivyo vitu alivyoviona kila asubuhi.

Alianza kuandika shajara mwaka 1924, akiwa kijana wa miaka 15, na hakuiacha mpaka mwaka aliokufa. Ilipochapishwa mwaka 2000 ilijaza juzuu tano, karibu kurasa 4,000. Humo kuna hali ya hewa, bei ya matunda, majirani, na zaidi ya yote kuna vitabu. Hauge alisoma kama mtu mwenye njaa. Kitabu alichokitaka na asichokipata kijijini alikiagiza, akakisubiri kwa posta.

Kuna sehemu ya maisha hayo ambayo haifai kurukwa. Katika miaka ya 1930, akiwa bado kijana, aliugua akili. Alisikia sauti, akaona maono, akapelekwa hospitali ya Valen, kusini zaidi kwenye pwani hiyohiyo. Alilazwa kwa miaka, akatoka, na baadaye maishani akarudishwa tena zaidi ya mara moja. Kwa enzi ile, mtu aliyeingia katika hospitali ya aina hiyo mara nyingi alihesabiwa kuwa amekwisha. Hauge alirudi shambani. Katika shajara aliyaandika maono yake bila kuyaonea aibu, na hakukubali kwamba yote aliyoyaona yalikuwa takataka ya ugonjwa tu. Knut Olav Åmås, aliyeandika kitabu kikubwa cha maisha yake mwaka 2004, alilipa jambo hili nafasi inayostahili.

Ndiyo maana diwani ya kwanza ilichelewa. Glør i oska, Makaa Hai Majivuni, ilitoka mwaka 1946 mwandishi akiwa na miaka 37. Ilikuwa na mashairi ya vina na mizani, yaliyofungwa kwa ufundi, yenye harufu ya washairi wa zamani aliowapenda. Ikafuata Under bergfallet mwaka 1951, kisha Seint rodnar skog i djuvet mwaka 1956. Wasomaji walikuwa wachache. Nje ya duru za wapenzi wa ushairi, Hauge alikuwa jirani tu mwenye matufaha mazuri na kabati la vitabu kubwa kupita kiasi.

Kuelewa uzito wa tafsiri zake, lazima tuiangalie lugha aliyoiandikia. Norway ilikuwa chini ya Denmark kwa zaidi ya miaka 400, hadi 1814, na katika muda huo Kidenmaki ndicho kilichoandikwa serikalini, kanisani na shuleni, huku watu wa mabonde na visiwani wakiendelea kusema lahaja zao. Kuanzia mwaka 1842 Ivar Aasen, mtoto wa mkulima mdogo aliyejielimisha mwenyewe, alizunguka nchi akikusanya lahaja hizo. Alitoa sarufi mwaka 1848 na kamusi mwaka 1850, akajenga lugha ya maandishi kutokana na vinywa vya wanavijiji. Mwaka 1885 bunge liliipa hadhi sawa na lugha ya watu wa mjini, na mwaka 1929 ikapewa jina rasmi la Nynorsk. Hadi leo ni Wanorwe wachache, kiasi cha mmoja kati ya kila wanane au kumi, wanaoiandika kama lugha yao kuu.

Hauge aliandika Nynorsk ya kihafidhina, karibu na ile ya Aasen na karibu na matamshi ya Hardanger. Kwa lugha kama hiyo, iliyobezwa na wengi kuwa ya wakulima na wavuvi tu, kila tafsiri nzuri ilikuwa ushahidi. Je, maneno ya kufugia mbuzi na kukatia nyasi yangeweza kubeba fikra nzito za mshairi Mjerumani Friedrich Hölderlin? Hauge hakuandika insha kulijibu swali hilo. Alikaa mezani akamfasiri Hölderlin. Akawafasiri pia Tennyson, Browning na Yeats kutoka Kiingereza, Rimbaud na Mallarmé kutoka Kifaransa, Georg Trakl, Bertolt Brecht na Paul Celan kutoka Kijerumani, na Wamarekani Stephen Crane na Robert Bly. Orodha hii inashangaza kwa upana wake. Tennyson na Celan hawafanani hata kidogo. Mmoja ni bwana wa muziki wa vina katika Uingereza ya karne ya 19. Mwingine ni Myahudi aliyenusurika mauaji ya Wanazi na kuikamua lugha ya Kijerumani mpaka ikabaki mifupa.

Mabadiliko yalianza kuonekana na På ørnetuva ya mwaka 1961, diwani iliyompa tuzo ya wahakiki wa Norway akiwa na miaka zaidi ya 50. Miaka mitano baadaye ikaja Dropar i austavind, Matone katika Upepo wa Mashariki, na mwaka 1971 Spør vinden, Uulize Upepo. Mshairi wa soneti alikuwa sasa anaandika mashairi mafupi ya mistari mitupu, bila kina, bila pambo, wakati mwingine sentensi mbili tatu tu juu ya chombo cha kazi. Kwa Brecht alijifunza kusema jambo zito kwa maneno ya sokoni. Kwa Celan alijifunza ni kiasi gani kinaweza kuachwa bila kusemwa.

Walimu wengine walitoka mbali zaidi. Washairi wa China ya kale aliwasoma kupitia tafsiri za lugha za Ulaya, na mmoja wao alimgusa mno: Tao Yuanming, aliyezaliwa karne ya 4 na ambaye aliacha kazi ya ofisa wa serikali akarudi kulima. Hauge alimwandikia shairi, akiwazia siku mzee huyo atakapomtembelea, naye amwonyeshe miti yake ya matunda. Alimwandikia Brecht shairi pia. Watu hawa hawakuwa majina ya kujipambia usomi. Alizungumza nao kama majirani waliochelewa kufika.

Umaarufu ulitoka upande usiotarajiwa. Katikati ya miaka ya 1960 washairi vijana wa Oslo waliokusanyika kwenye jarida la Profil walikuwa wakitafuta lugha nyepesi, inayogusa vitu vya kila siku. Jan Erik Vold, kijana wa mjini aliyezaliwa mwaka 1939, aligundua kwamba mzee wa Ulvik alikuwa tayari anaifanya kazi hiyo, akampigia debe kwa miaka mingi. Shairi moja la Dropar i austavind, Det er den draumen, linalohusu ndoto ambayo kila mtu huibeba moyoni, lilienea kutoka vitabu vya shule hadi kwenye sherehe na mazishi. Mwaka 2016 watazamaji na wasikilizaji wa shirika la utangazaji la NRK walilichagua kuwa shairi bora la Norway la nyakati zote. Ni shairi fupi sana, na halina kina hata kimoja.

Umaarufu huo ulimletea na mke. Bodil Cappelen, msanii wa kufuma mazulia na vitambaa vya ukutani, alimwandikia barua baada ya kusoma mashairi yake. Wakaandikiana kwa miaka, yeye akahamia Ulvik katikati ya miaka ya 1970, na mwaka 1978 wakafunga ndoa, bwana harusi akiwa na takriban miaka 70. Mwaka 1982 tafsiri za Hauge zilikusanywa upya katika Dikt i umsetjing. Aliandika vitabu vya watoto pia.

Alifariki tarehe 23 Mei 1994. Robert Bly alisimulia kwamba hakukuwa na ugonjwa wa kuonekana. Mzee aliacha kula kwa siku kumi, akaenda. Jeneza lilibebwa na gari la farasi kutoka kanisa alimobatizwa kupandishwa mlimani, na mtoto wa farasi akakimbia kando ya mama yake njia nzima.

Uhusiano wa Bly na Hauge ndio unaoonyesha vizuri zaidi namna kazi hii ilivyokwenda pande mbili. Bly alikulia Minnesota katika ukoo wa wakulima wenye asili ya Norway, na mwaka 1956 alikwenda Norway kwa ufadhili wa kufasiri ushairi wa huko. Hauge alimfasiri Bly kwa Nynorsk. Bly akamfasiri Hauge kwa Kiingereza, na mwaka 1987 akatoa kitabu cha tafsiri hizo. Robin Fulton, mshairi wa Uskoti anayeishi Norway, alitoa mkusanyiko mkubwa zaidi mwaka 2003. Mwaka 2008, miaka 100 tangu Hauge azaliwe, Bly na Robert Hedin wakatoa pamoja mwingine Marekani. Tangu mwaka 2014 Ulvik ina kituo chenye jina la Olav H. Hauge, kinachoendeshwa na taasisi ya utamaduni wa Nynorsk, ambapo wageni husoma mashairi yake pamoja na ya wale aliowafasiri.